Mawe ya kibofu kwa fereti: lijue jiwe kabla ya kubadili chakula

Fereti dume akienda chooni mara nne ndani ya saa moja, akachuchumaa, akainua mkia na kujikamua bila kutoa kitu, mwenyewe hudhani kafunga choo. Humpa mafuta kidogo, humwacha alale, husema tutaona asubuhi. Kumbe tumbo la chini limejaa mkojo usio na pa kutokea, na sumu iliyopaswa kutoka nao imeanza kurudi kwenye damu.

Fereti ni mnyama mwembamba mrefu wa jamii ya kicheche. Kwetu Afrika Mashariki ni nadra kumwona, lakini Marekani, Uingereza na Uholanzi amezoeleka majumbani, na wako wenzetu waishio huko wanaomfuga. Naandika kwa sababu moja hasa: ushauri mwingi wa chakula unaopokezanwa na wafugaji ulitungwa kwa ajili ya jiwe la aina moja, ilhali siku hizi fereti wengi wanapata jiwe la aina nyingine. Na kinachotibu la kwanza hulikuza la pili.

Dharura kwanza

Fereti anayekojoa matone matone, mwenye manyoya ya tumboni yaliyolowa na kunuka, anayejilamba sehemu za siri kila mara, au mwenye damu kwenye mkojo, anahitaji daktari siku hiyo hiyo. Anayejikamua pasitoke kitu, anayelia akiguswa tumbo, anayesaga meno, aliyelegea na kukataa chakula, anahitaji daktari saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku. Mrija wa mkojo ukiziba kabisa, potasiamu hupanda kwenye damu na moyo hupoteza mpigo wake. Mnyama wa kilo moja anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

Ukiwa na shaka kama ni choo au ni mkojo, chungulia boksi lake la haja. Kinyesi cha leo kipo lakini karatasi ni kavu? Basi tatizo ni mkojo.

Wakati unajiandaa kutoka, usimminye tumbo ili mkojo utoke. Kibofu kilichojaa kinaweza kupasuka mikononi mwako. Usimpe dawa ya maumivu ya binadamu: kidonge kimoja cha ibuprofeni kinatosha kumuua fereti, na parasetamoli nayo ni hatari. Wala usimnyweshe maji kwa nguvu, kwa maana njia ikiwa imefungwa maji hayo yanaongeza shinikizo tu.

Piga simu kabla hujatoka nyumbani, useme ni dume na tangu saa ngapi hajakojoa, kisha uulize kama yupo daktari aliyezoea kutibu fereti. Huku si kuchagua-chagua. Dume ana mfupa ndani ya uume wenye ncha iliyopinda kama ndoana, na mrija wake ni mwembamba mno, kwa hiyo kumpitishia katheta, yaani kimrija cha kutolea mkojo, ni kazi ya mkono uliozoea. Mara nyingi inabidi mkojo uvutwe kwanza kwa sindano kupitia ukuta wa tumbo ndipo apate nafuu ya kuhudumiwa.

Kingine cha kumwomba daktari: aziangalie tezi za adrenali, zile ndogo zilizo karibu na figo, kwenye kipimo hicho hicho cha ultrasaundi. Si kila kuziba ni jiwe. Kwa fereti waliohasiwa, hasa wakishafika miaka mitatu, tezi hizo huugua na kumwaga homoni za uzazi kupita kiasi. Kwa dume, tezi dume huvimba na kuubana mrija. Ukiona manyoya yanapukutika kuanzia mkiani, au jike aliyehasiwa kavimba sehemu za siri, fikiria ugonjwa huu. Tiba yake ni kipandikizi cha deslorelini, dawa ya kuzuia homoni hizo, chini ya ngozi au upasuaji. Hapo chakula hakina la kufanya, na mfuko wa chakula kipya utakupotezea fedha na muda.

Lijue jiwe ni la aina gani

Mawe ya fereti ni ya aina mbili hasa. Struvaiti ni mchanganyiko wa magnesi, amonia na fosfeti. Sistini ni asidi amino, tofali mojawapo la protini. Yapo na mengine, kama ya oksaleti ya kalsiamu, lakini ni machache.

Katika Chuo Kikuu cha Minnesota kuna kituo kilichoanza 1981 ambacho kazi yake ni kuchambua mawe ya mkojo ya wanyama. Kati ya 1981 na 2007 mawe 272 ya fereti yaliyopita hapo yalikuwa struvaiti, kama theluthi mbili ya mawe yote ya fereti. Ya sistini, kati ya 1992 na 2009, yalikuwa 70 tu. Kuanzia miaka ya 2010 mambo yalipinduka, na katika Amerika Kaskazini sistini ndiyo sasa inayoongoza kwa mbali. Vitabu vya zamani havikukosea vilipoandikwa. Tatizo ni anayevifungua leo akafuata kila mstari bila kujua kwamba ugonjwa wenyewe umebadilika.

Kwa hiyo vipimo visikufanye uridhike haraka. Struvaiti huonekana vizuri kwenye eksirei. Sistini huonekana kwa ukungu au isionekane kabisa. Ukiambiwa "picha ni safi" na mnyama bado anajikamua, omba ultrasaundi. Mkojo ukitazamwa kwenye darubini, fuwele za struvaiti ni za mstatili wenye mgongo kama paa la nyumba, na hata fereti mwenye afya anaweza kuwa nazo kidogo. Fuwele za sistini ni bapa zenye pembe sita, na hizo si za kawaida hata ikionekana moja.

Neno la mwisho ni la jiwe lenyewe. Likitolewa kwa upasuaji, au ukiliokota kwenye boksi kama punje ya mchanga, usikubali litupwe. Likaushwe, litiwe kwenye kichupa safi na lipelekwe maabara ya mawe. Lisihifadhiwe kwenye formalini, ile dawa ya kuhifadhia vipande vya mwili, kwa sababu formalini inaweza kuibadili struvaiti ikawa madini mengine na majibu yakaja ya uongo.

Chakula kinaingiaje hapa

Fereti ni mla nyama asiye na njia nyingine. Utumbo wake ni mfupi, hana kidoletumbo, na chakula hupita kutoka mdomoni hadi nje kwa saa tatu au nne tu. Nafaka na kunde anaweza kuzimeza, ila hanufaiki nazo sana.

Protini ya nyama ina salfa nyingi, na mwili ukishaitumia hubaki asidi inayotoka kwa mkojo. Ndiyo maana mkojo wa mla nyama huelekea kwenye pH ya 6 hivi (pH ni kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali). Protini ya mimea huacha mabaki ya alkali, na pH hupanda. Struvaiti huanza kuganda mkojo ukivuka 6.4 au hapo karibu. Zamani Waingereza waliofuga fereti wa kuwindia sungura waliwalisha mkate uliolowekwa kwenye maziwa, na wengine Marekani waliwapa chakula cha mbwa chenye mahindi. Mkojo ukawa wa alkali, mawe yakaja. Majike wenye mimba nao walipatwa.

Sistini ina tabia kinyume. Hii huyeyuka vizuri kwenye mkojo wa alkali, pH ikipita 7, na huganda kwenye mkojo wa asidi. Chanzo chake cha kwanza kiko kwenye figo: mnyama amezaliwa na kasoro inayofanya figo zishindwe kuirudisha sistini kwenye damu, kwa hiyo inamiminika kwenye mkojo. Chakula hakikuleta kasoro hiyo. Lakini kuongezeka kwa mawe haya kumekwenda sambamba na kuenea kwa vyakula vikavu "visivyo na nafaka", ambavyo mahali pa mahindi vimejazwa njegere, dengu na protini ya njegere, na madaktari wengi wa fereti wanakishuku chakula cha namna hiyo, ingawa kwa hesabu ya pH peke yake ungetarajia kinyume.

Basi angalia mtego ulipo. Mfugaji anasikia fereti wa mwenzake alipona mawe kwa dawa ya kuutia mkojo asidi. Ananunua methionini, asidi amino nyingine. Methionini huutia mkojo asidi kweli, na kwa struvaiti ina mantiki yake. Lakini ndiyo malighafi ambayo mwili huitumia kutengeneza sistini. Kwa fereti wa sistini umemwongezea jiwe na ukamwondolea cha kuliyeyusha, kwa kijiko kimoja. Siki, limau, vitamini C na vidonge vya matunda ya kranberi viweke kando vile vile mpaka jiwe lijulikane.

Soma mfuko, usisome picha

Hapa ndipo ningependa utumie muda. Mbele ya mfuko pana kuku mnene na neno kubwa la protini. Geuza nyuma.

Viungo huandikwa kwa uzito vilipokuwa vinaingia kiwandani, maji yakiwemo. "Kuku mbichi" anaweza kutangulia kwa sababu karibu asilimia 70 yake ni maji; akikaushwa anashuka chini ya vinavyomfuata. Kisha tazama jinsi njegere zilivyogawanywa: njegere, unga wa njegere, protini ya njegere, nyuzi za njegere. Kila moja peke yake inaonekana ndogo, ukizijumlisha zinampita kuku. Mfuko unaosema protini asilimia 38 hausemi ni ngapi zimetoka kwa kuku na ngapi zimetoka shambani, na figo za fereti zinaijua tofauti.

Unachotafuta ni viungo vitatu au vinne vya kwanza viwe nyama, samaki, mayai au unga wa nyama iliyokaushwa inayotajwa jina, kuku au bata mzinga, si "mazao ya wanyama". Protini iwe 35 au zaidi kwa mia, mafuta karibu 20, nyuzi zisizidi 3.

Wanga hauandikwi, lakini unaupata kwa hesabu ya kutoa. Chukua 100, toa protini, mafuta, maji, nyuzi na majivu (yaani madini). Chakula chenye protini 36, mafuta 18, maji 10, nyuzi 3 na majivu 8 kimebakiza 25. Robo ya mfuko ni wanga, kwa mnyama ambaye porini asingekutana nao ila tumboni mwa panya.

Na usiidharau kopo kwa kuwa imeandikwa protini 10. Kopo ina maji 78, kwa hiyo kitu kikavu ni 22 tu. 10 katika 22 ni asilimia 45. Ule mfuko wa 36 ukiutoa maji yake 10 unapata 40. Kopo imeshinda.

Maji, dawa isiyogombana na jiwe lolote

Kama bado hujui ni jiwe gani, hili unaweza kulianza leo baada ya daktari kuthibitisha kwamba njia ya mkojo iko wazi. Mkojo mwepesi haugandi upesi, uwe wa asidi au wa alkali.

Fereti hunywa kiasi cha mililita 75 hadi 100 kwa siku. Anayekula gramu 50 za chakula kikavu anapata mililita 5 tu humo. Anayekula gramu 150 za nyama anapata zaidi ya 100 kabla hajalisogelea bakuli. Ndiyo maana kuhama kutoka chakula kikavu kwenda kibichi au cha kopo kuna faida kubwa kuliko kuhama kutoka kampuni moja hadi nyingine.

Chupa ya kuning'iniza yenye kishungi cha chuma humnywesha kidogo kidogo. Mpe bakuli zito la udongo, maana jepesi atalipindua kwa pua na kuogelea sebuleni. Weka mabakuli mawili mahali tofauti. Chakula kikavu kiloweke kwa maji ya uvuguvugu, sehemu moja ya chakula kwa moja ya maji, na ukiondoe baada ya saa chache kisije kikachacha. Mchuzi wa kuku usio na chumvi wala kitunguu huwavuta wengi. Kitunguu ni sumu kwao. Maziwa usimpe.

Kumhamisha chakula

Fereti hujifunza harufu ya chakula akiwa mdogo, na akishapita kama miezi sita kitu kigeni kwake si chakula. Atakinusa, atakifukia, atakwenda kulala na njaa. Usiseme "njaa itamfundisha". Wengi wakishafika umri wa kati wana uvimbe mdogo kwenye kongosho unaoshusha sukari, na saa chache bila kula zinaweza kumwangusha na degedege. Kwa kawaida fereti hula mara saba hadi kumi kwa siku, vipande vidogo.

Jipe wiki nne hadi sita. Wiki ya kwanza kisage chakula alichozoea, ukiloweke, umpe kama uji mzito bila kuongeza kitu. Akishaukubali uji, tia kijiko cha chai cha kopo mpya au nyama mbichi iliyosagwa, ukoroge isionekane. Ongeza kila baada ya siku tatu nne. Anayekataa, mpake kidogo kwenye fizi. Akilamba mara tatu nne, kesho atalamba kutoka kidoleni, keshokutwa kwenye sahani. Mpime kila wiki kwenye mizani ya jikoni. Akipungua zaidi ya asilimia 5, rudi nyuma hatua moja. Fereti wengi hunenepa majira ya baridi na kupungua majira ya joto, kwa hiyo linganisha na uzito wake wa msimu huo.

Kwa anayetaka kulisha nyama mbichi: nyama ya misuli peke yake haitoshi. Zinahitajika mifupa mibichi laini kwa kalsiamu, moyo kwa taurini (kirutubisho cha nyama asichoweza kukikosa), na ini kidogo lisilozidi sehemu moja ya kumi. Mfupa uliopikwa kamwe, huvunjika kama kioo. Panya wazima au vifaranga wa siku moja, ambao huuzwa wakiwa wamegandishwa, hurahisisha hesabu hii yote ikiwa moyo wako unastahimili kuwaona kwenye friji. Kuku na maziwa mabichi yana jambo jingine la kufikiria: tangu 2024 homa ya ndege ya H5N1 imeua paka Marekani kupitia vyakula hivyo, na fereti ni mwepesi sana wa kushikwa na mafua ya kila namna, hata ya kwako. Kopo iliyopikwa ni chaguo la heshima kabisa.

Jiwe likiwa struvaiti

Jiwe dogo lisiloziba linaweza kuyeyuka kwa wiki kadhaa mkojo ukirudi kwenye asidi, pamoja na antibiotiki kama kuna bakteria. Nyama yenyewe ndiyo dawa. Vyakula maalumu vya paka vya kuyeyusha struvaiti vipo, lakini vingi havina protini ya kumtosha fereti. Daktari akimwandikia, muulize kwa muda gani. Wengi huchagua upasuaji wa kufungua kibofu, kwa sababu jiwe linalopungua kwa dume linaweza kufikia kipimo kamili cha kuziba mrija. Kabla ya usingizi wa upasuaji asinyimwe chakula usiku kucha kama mbwa. Saa mbili hadi nne zinatosha. Baadaye, akibaki kwenye nyama, struvaiti hairudi kwa urahisi.

Jiwe likiwa sistini

Jiwe hili ni kaidi. Jiandae kwa upasuaji, na jiandae kwamba linaweza kurudi ndani ya miezi. Mbwa wa sistini hupunguziwa protini. Fereti huwezi kumfanyia hivyo, atakonda misuli. Kinachobaki ni kumtoa kwenye chakula cha njegere na kunde, kumpa chakula chenye maji mengi cha wanyama, na daktari akiona inafaa, sitrati ya potasiamu ili mkojo upande karibu na 7. Kipimo chake hakikisiwi nyumbani, kwa sababu potasiamu ile ile inayoua fereti aliyeziba ipo kwenye chupa hiyo. Dawa ya tiopronini ambayo mbwa huitumia usiilazimishe. Usalama wake kwa fereti haujathibitishwa. Fereti aliyepata sistini asizalishwe, wala ndugu zake wa tumbo moja. Dume anayeziba tena na tena anaweza kufanyiwa upasuaji wa kumfungulia njia mpya pana chini ya mkia.

Wiki na miezi inayofuata

Baada ya upasuaji mkojo unaweza kuwa na wekundu siku chache. Badili mchanga wa boksi uweke karatasi zilizochanwa, ili punje zisigande kwenye kidonda na ili uone rangi ya mkojo. Ultrasaundi irudiwe baada ya mwezi, kisha kila miezi mitatu kwa aliyekuwa na sistini.

Kupima pH nyumbani ni rahisi ukiijua saa ya fereti. Akiamka tu, ndani ya dakika chache atarudi kinyumenyume kwenye kona akojoe. Tandika plastiki safi kwenye kona hiyo badala ya karatasi, vuta mkojo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, chovya kijikaratasi cha kupimia na usome papo hapo. Fanya hivyo saa ile ile kila mara, maana pH hupanda na kushuka kufuatana na mlo. Ukiupeleka kwa daktari, ufike ndani ya nusu saa au uvutwe kliniki. Mkojo uliolala kwenye friji hutengeneza fuwele ambazo hazikuwamo kibofuni, na unaweza kurudi nyumbani na ugonjwa ambao fereti wako hana.